Juzi nyumba imetaka kukuua, leo unaambiwa usitoke humo

ZUHURA: Haya karibuni, leo tuko Albania, na kabla hujauliza Kassim, ndio ni Ulaya, ukitoka Italia unavuka bahari tu hapo umefika.

KASSIM: Mi naijua kwa yale mahandaki ya zege bwana, yako kila kona.

ZUHURA: Ya Enver Hoxha hayo, yule dikteta wao wa zamani aliyeifunga nchi. Sasa sikia. Tarehe 26 Novemba 2019, alfajiri watu wamelala fofofo, tetemeko la 6.4 likapiga, Durrës na Thumanë ndo waliumia hasa, watu 51 wakafa, wengi wameangukiwa na majengo, na maelfu wakabaki hawana pa kulala, huyu kwenye hema, yule hotelini, mwingine kwa ndugu.

KASSIM: Na korona bado.

ZUHURA: Bado kabisa! Inaingia Machi 2020, wagonjwa wa kwanza baba na mwanawe wametoka Italia, basi siku chache tu shule zimefungwa, mikahawa imefungwa, magari binafsi marufuku, wikiendi kafyu ya saa 40 mfululizo, polisi na wanajeshi barabarani. Kutoka kununua mkate unaomba kibali mtandaoni.

KASSIM: Ngoja kwanza. Yaani juzi tu ukuta umetaka kukuua, mwili ushajifunza kikitikisika kitu kimbia nje, halafu unaambiwa nje ndo kuna kifo, rudi ndani?

ZUHURA: Ndo hapo sasa. Na ardhi yenyewe haijatulia, mitetemo midogo bado inakuja kuja, kwa hiyo usiku vikombe vikigongana kabatini unafanyaje, unatoka au unabaki? Mtu aliyepata mshtuko anahitaji walau sehemu moja anayoiamini, hawa hata hiyo moja hawakuachiwa. Mi ndo maana sipendi mtu akiniambia eti karantini ilikuwa ileile dunia nzima.

KASSIM: Hapo nakubali, maana sisi Bongo hatukufungiwa hivyo, Nairobi walikuwa na kafyu lakini mchana mtu anahangaika na riziki yake.

ZUHURA: Alafu wale ni watu wa kahawa, kikombe kimoja wanakaa nacho saa nzima, na jioni wanatoka wote kutembea taratibu barabarani, wanaita xhiro, bibi, babu, watoto, wachumba, hakuna wanakokwenda, ni kuonana tu na kujua nani anaumwa, nani kakasirika. Hayo yote yakakatwa siku moja. Na wazee wa pensheni ndo walibanwa zaidi, mwanzoni hawakuruhusiwa kutoka kabisa.

KASSIM: Wazee ambao ujana wao wameumalizia kwenye nchi iliyofungwa, mipaka haivukiki.

ZUHURA: Umeona eeh. Sasa mzee kama huyo mtoto wake yuko Italia au Ugiriki, maana Waalbania wengi sana wako huko, anampigia simu ajue kama yu hai, kabla haijaita anasikia sauti ya waziri mkuu, Edi Rama mwenyewe, imerekodiwa, osha mikono, usitoke kwa starehe, fungua madirisha, na jilinde na vyombo vya habari.

KASSIM: (anacheka) Vyombo vya habari navyo ni kirusi?

ZUHURA: We cheka tu, wengine walikasirika kweli. Uko na wasiwasi wa mwanao afu unaanza kupewa mawaidha.

KASSIM: Na msaada je? Wanasaikolojia?

ZUHURA: Kulikuwa na namba za simu za kupiga, wanasaikolojia wanakusikiliza, wazo zuri. Lakini piga picha fleti ya vyumba viwili, mama mkwe yuko sebuleni, watoto wanasoma kwa simu hiyohiyo moja, na kama anayekupiga ni mumeo na yuko hapo hapo, we utaongelea wapi?

KASSIM: Chooni.

ZUHURA: Chooni, au balkoni, na balkoni jirani anasikia. Alafu Desemba 2020, usiku wa kafyu, polisi pale Tirana, mji mkuu wao, akampiga risasi kijana wa miaka 25 akafa, vijana wakaingia barabarani siku kadhaa, mawe, moto, mpaka waziri wa mambo ya ndani akajiuzulu.

KASSIM: Mi wale vijana siwashangai hata kidogo, tangu Machi wamekaa na hayo yote kifuani.

ZUHURA: Na kuna waliokuwa bado wanasubiri kujengewa nyumba zilizoanguka, wamepita korona yote hiyo kwenye vyumba vya watu.