Mto Ndani ya Koti la Mwalimu

MWALIMU CHILUMBA: Wasikilizaji wetu wa Mtwara, Lindi na kwingineko, wiki iliyopita niliahidi kwamba leo tutajifunza maneno manane ya Kiingereza yanayohusu kuiga kwa kejeli na kutia chuku, na daftari la maandalizi liko hapa mbele yangu. Hata hivyo, Jumamosi yamenikuta mambo ambayo Bi Somoe, fundi cherehani wetu, amekataa kabisa tuyafiche.

BI SOMOE: Yafichwe kwa nani, Mwalimu, ilhali ukumbi mzima ulikuwa unacheka? Waeleze tu kwamba kwenye mahafali umeigizwa.

MWALIMU CHILUMBA: Niliigizwa. Kijana wa kidato cha tatu alipanda jukwaani akiwa amevaa koti langu la kaki, lile lile nililolitafuta nyumbani kwa siku mbili, kumbe mke wangu alikuwa ameshalitoa kwa siri kupitia mlango wa jikoni. Alipuliza vumbi la chaki kwenye ncha za vidole, akanitazama juu ya miwani, akasema: “Je, tumeelewana, au tumesikilizana tu?” Ndani ya koti alikuwa amejaza mto wa kulalia.

BI SOMOE: Mto huo ndio ulionifurahisha.

MWALIMU CHILUMBA: Basi tuanze na koti, kwa sababu linatupeleka moja kwa moja kwenye neno “travesty”. Chanzo chake ni Kilatini, “trans” na “vestire”, yaani kuvisha nguo nyingine, nalo lilifika Uingereza kupitia Ufaransa. Mwaka 1648 Mfaransa Paul Scarron alianza kuchapisha utenzi ambamo mashujaa wa Virgil, mshairi wa Kirumi wa kale, wanaongea kama watu wa mtaani. Ni kana kwamba aliwavua majoho akawavika kaptura.

BI SOMOE: Neno hilo nalipokea kwa mikono miwili, maana limetoka kwenye cherehani.

MWALIMU CHILUMBA: Na mto unatupeleka kwenye “farce”, ambalo asili yake ni kujaza, kama mpishi anavyojaza kitu ndani ya kuku. Huko Ufaransa ya zama za kati, vichekesho vifupi vilipachikwa katikati ya michezo ya kidini ili hadhira isisinzie, ndiyo maana vikaitwa vijazo.

BI SOMOE: Kwa hiyo Jumamosi wewe ulikuwa sambusa.

MWALIMU CHILUMBA: Bi Somoe, tafadhali.

BI SOMOE: Ninauliza kwa nia njema kabisa. Je, yapo mengine yaliyotoka jikoni?

MWALIMU CHILUMBA: Yapo, na ninakiri kwamba hata mimi nilishangaa. “Satire”, yaani kejeli ya kukosoa maovu, linatokana na Kilatini “satura”, nalo huhusishwa na sahani iliyojazwa matunda ya kila aina. Waingereza kwa muda mrefu walidhani linatokana na satiro, wale viumbe wa Kigiriki walio nusu mtu na nusu mbuzi, hadi mwanazuoni Isaac Casaubon alipoonyesha mwaka 1605 kwamba maneno hayo mawili hayana undugu.

BI SOMOE: Hilo ni sinia la futari: muhogo, magimbi, viazi na ndizi vyote pamoja, na kila mmoja anachomoa kipande kitakachomchoma mwenzake.

MWALIMU CHILUMBA: “Pastiche” nalo limetoka Italia, kwenye “pasticcio”, yaani mkate uliojazwa nyama na vitu mchanganyiko. Hilo ni la kuiga mtindo wa mtu bila kumdhihaki.

BI SOMOE: Hapo sasa nimepata jambo la kusema. Hawa watu wana jiko zima la maneno, lakini kila neno linauliza kitu kilichoigwa ni kipi na kimetengenezwaje: wimbo, picha, nguo au kijazo. Sisi tunaposema kejeli, dhihaka, kebehi au utani, tunauliza swali jingine kabisa, nalo ni nani anamfanyia nani, na je, ana haki hiyo. Mtani wako anaweza kufika msibani kwako akajilaza kwenye jeneza na kudai fedha ya kumwondoa, nawe ukacheka huku machozi yanakutoka, ilhali asiye mtani akifanya hivyo atatolewa kwa fimbo.

MWALIMU CHILUMBA: Ninakubaliana nawe, na hapo ndipo linapoanzia lalamiko langu. Yule kijana si mtani wangu.

BI SOMOE: Mjukuu na babu ni watani.

MWALIMU CHILUMBA: Nina miaka hamsini na miwili.

BI SOMOE: Mto ulionyesha zaidi.

MWALIMU CHILUMBA: Tuuzungumzie huo mto kwa utaratibu. Neno linalofaa ni “caricature”, kutoka Kiitaliano “caricare”, maana yake kupakia mzigo. Sanaa hiyo huhusishwa sana na Annibale Carracci wa Bologna, mwishoni mwa karne ya 16: unachukua pua ya mtu na kuipakia mzigo kuliko inavyostahili, bila mtu mwenyewe kupotea. Kwa hiyo kilichofanyika Jumamosi ni kikaragosi, na kilichomuumiza mwigizwaji ni chuku. Chuku ikiondolewa, kejeli haipo.

BI SOMOE: Sikubali, na sababu ninayo kwenye daftari langu la vipimo. Koti lile nimelifumua mishono ya pembeni na kulitanua kiunoni mara mbili tangu mwaka juzi. Mto ule ulikuwa wa kawaida, wala haukutiwa chuku. Isitoshe, watu hawakucheka ulipotokea mto, walicheka kijana alipopuliza chaki. Aliweka vidole vile vile, akanyamaza kidogo vile vile, na hapo hapakuongezwa hata chembe. Usahihi ndio uliokuuma.

MWALIMU CHILUMBA: Usahihi peke yake ni kuiga tu. Kasuku huiga kwa usahihi na hakuna anayedhihakika.

BI SOMOE: Kasuku hajui anachokiiga, kijana alijua. Na wewe mwenyewe uliniambia habari za Marekani.

MWALIMU CHILUMBA: Ni kweli, Mahakama ya Juu ya Marekani, mwaka 1994, katika kesi ya kundi la rap 2 Live Crew lililogeuza wimbo wa mwimbaji Roy Orbison. Majaji walisema “parody”, yaani kuigeuza kazi ya mtu kwa mzaha, haina budi kuchukua sehemu ya kazi ya asili inayotosha kuitambulisha, ilhali “satire” inaweza kusimama kwa miguu yake. Neno lenyewe ni la Kigiriki, wimbo unaoimbwa kando ya wimbo mwingine.

BI SOMOE: Basi hukumu imeniunga mkono: asili isipotambulika, hakuna kitu.

MWALIMU CHILUMBA: Hukumu imesema asili itambulike, haikusema asili inatosha. Aliyegeuza maneno ya wimbo amefanya nini kama hakuyapotosha?

BI SOMOE: Mchongaji wa vinyago huko Newala anaweza kukuchonga midomo mikubwa kuliko sufuria na usijali, lakini akilipata kovu lako dogo la shavuni mahali pake hasa, utakiona kinyago usiku kucha.

MWALIMU CHILUMBA: Ni ile midomo iliyomfanya mtazamaji alitafute kovu.

BI SOMOE: Ni kovu lililomwambia kwamba midomo ile ni yako.

MWALIMU CHILUMBA: Sitoki hapa.

BI SOMOE: Nami nimeshakaa.

MWALIMU CHILUMBA: Wasikilizaji, daftari langu bado lina “burlesque”, linalotokana na “burla”, mzaha wa Kiitaliano, na lina “lampoon”, ambalo…

BI SOMOE: Ambalo bila shaka nalo limetoka jikoni.

MWALIMU CHILUMBA: Linadhaniwa limetoka kwenye kiitikio cha walevi wa Ufaransa, “lampons”, yaani tunyweni.

BI SOMOE: Sambusa sasa ina kinywaji.

MWALIMU CHILUMBA: Kulikuwa na mazoezi matano ya kutunga sentensi, lakini adhana ya magharibi imeanza na mwenye chumba amesimama mlangoni akitikisa funguo. Mazoezi yatasubiri. Bi Somoe, lile koti kijana amelirudisha kwako au kwa mke wangu?

BI SOMOE: Kwangu. Amesema mke wako ameomba nilitanue tena.