Oktoba Yetu Si Juni Yao

Asanteni. Kaeni, kaeni. Ninyi mliokaa huko nyuma, fungueni hayo madirisha mawili hewa ipite. Hatuwezi kuzungumzia joto huku tumejifungia.

Wengi wenu mlikuwapo mwaka jana, kwa hiyo vata, pitta na kapha, zile nguvu tatu za mwili, sizielezi tena. Anayezihitaji amuulize jirani yake baadaye. Nimekuja na jambo lilelile ninalolirudia kila mwaka, na nitalirudia mpaka liwakae: Ayurveda, tiba ya jadi ya Wahindi, ni elimu ya majira, na majira ni ya mahali. Huwezi kuyachukua ya Jaipur kule India ukayavaa hapa Mbeya.

Mwezi Juni mwaka huu, binti wa dada yangu alikuja kukaa kwangu, hapa Forest. Msichana msomi, ana bidii, na anaipenda elimu hii kuliko wengi wenu. Kwenye simu yake alikuwa na maelekezo: Juni ni kiangazi, pitta, ile nguvu ya moto, imepanda, upoze mwili. Basi alfajiri anakunywa juisi ya tango. Anajipaka mafuta ya nazi, anaoga maji ya bomba bila kuyapasha, usiku anajifunika shuka moja na dirisha liko wazi. Juni! Ninyi mnaijua Juni ya hapa. Unalala na blanketi mbili na soksi miguuni. Kule Makete na Kitulo asubuhi majani yamekuwa meupe kwa umande ulioganda. Mtoto akaendelea hivyo. Wiki ya pili tumbo limejaa gesi, chakula hakisagiki, vidole vimekufa ganzi, kifua kimebana. Akaja jikoni akaniambia, "Mama mdogo, mbona Ayurveda inanikataa?"

Nikamwambia, haijakukataa, mwanangu. Umesoma barua ya mtu mwingine.

Nikampa supu ya kuku yenye tangawizi na pilipili manga, nikamkanda kwa mafuta ya ufuta yaliyopashwa. Akarudi sawa. Lakini lile swali lake sijalisahau, kwa sababu kosa halikuwa lake. Kosa liko kwenye neno. Mtu anatafsiri, akifika kwenye majira ya joto ya wenzetu anaandika "kiangazi", anaendelea na safari. Kwetu sisi kiangazi ni ukavu. Mvua zikikatika Mei, kiangazi kimeingia, na ndani ya kiangazi hichohicho kuna kipupwe, miezi yenye baridi kuliko yote. Majira yao ya joto Wahindi wanayaita grishma, takriban katikati ya Mei hadi katikati ya Julai, siku ambazo Rajasthan inapita nyuzijoto 40. Wao wanaungua, sisi tunatafuta sweta. Neno moja tu limebadilishwa vibaya, na mtu anaugua.

Sasa grishma yetu iko wapi? Tazameni jua. Mbeya iko karibu latitudo 9 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linasimama utosini kwetu katikati ya Oktoba. Yaani siku hizi hizi. Linapita tena mwishoni mwa Februari, ila wakati huo kuna mawingu na mvua. Oktoba hakuna wingu, hakuna mvua, vumbi tupu, midomo inapasuka. Grishma yetu ni kuanzia mwisho wa Septemba mpaka mvua za kwanza za Novemba. Andikeni hilo.

Najua kuna mtu anajisemea, "Mama huyu anatia chumvi, Mbeya haina joto." Tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ni kweli, na kivulini kuna ubaridi. Lakini miale ya jua inayochoma ngozi huongezeka kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mama anayeuza nyanya Mwanjelwa anapigwa na upepo, anajiona yuko salama, jioni kichwa kinamgonga na macho mekundu. Upepo unamdanganya. Kofia, mama. Mwavuli. Maji kabla ya kiu.

Na hata sisi wenyewe hatuko sawa. Vitabu vya kale vya Ayurveda vinagawa nchi: jangala, nchi kavu, anupa, nchi ya majimaji, na sadharana, ya kati. Chunya ni jangala. Kyela ni anupa kabisa, joto na unyevu pamoja. Mtu wa Chunya mwezi huu anahitaji vyenye mafuta na majimaji: parachichi, samli kidogo, maziwa. Mtu wa Kyela akijaza hivyo vyote atavimbiwa na kusinzia, yeye azidishe mboga chungu, mnafu kwa mfano, apunguze mafuta. Ndugu wawili, mkoa mmoja, sahani mbili. Ndiyo maana nakasirika nikiona orodha moja inasambazwa kwa kila mtu.

Kuhusu ladha nitasema moja. Charaka, mganga wa kale wa Ayurveda, anasema wakati wa grishma ule vitamu, vya baridi, vya majimaji, vyenye mafuta kiasi, na uepuke chumvi, uchachu na ukali. Sasa angalieni kinachouzwa nje ya kila shule mwezi huu: embe bichi, chumvi, pilipili. Vitatu vyote kwenye mfuko mmoja! Sisemi msile kamwe. Nasema si saa saba mchana, juani, tumbo tupu.

Maji ya barafu pia hapana, yanauzima moto wa tumbo, ule wanaouita agni. Nunueni mtungi. Wakisi wa kule Matema wanafinyanga vyungu vizuri, na mnapita sokoni pale mkinunua samaki tu. Mtungi unatoa jasho kama mtu: maji yanapenya udongo, yanakauka nje, yanaondoka na joto. Hewa ikiwa kavu mtungi unapoza zaidi, kwa hiyo Oktoba ndio mwezi wake. Jioni tia humo mbegu za giligilani zilizopondwa, kijiko kimoja kwa kila glasi, asubuhi chuja unywe.

Naoneshwa saa. Nilikuwa na sehemu nzima ya usingizi. Kwa ufupi, haya ndiyo majira pekee ambayo Ayurveda inamruhusu mtu mzima mwenye afya kulala mchana, tumieni. Mazoezi, nusu ya nguvu zenu, kabla ya saa tatu asubuhi. Pombe, mnajua nitasema nini.

Hili siliruki, nimekuwa muuguzi miaka mingi. Mtu aliyekaa juani akianza kuchanganyikiwa, mwili unawaka, au akaanguka, hiyo si pitta ya kutibiwa kwa giligilani. Kivulini, mmwagieni maji, mpepeeni, hospitali mara moja. Na unga wa dawa wa kwenye chupa unaoletwa na wachuuzi mwache. Mwaka 2004 watafiti walipima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa Boston, Marekani. 14 zilikuwa na madini ya sumu: risasi, zebaki au aseniki. Chakula na mtungi vinakutosha.

Tumalize kwa kupumua, shitali. Hii msiifanye Juni, nawaomba. Leo inafaa. Kaeni wima. Toeni ulimi kidogo, ukunjeni kingo zake kama mrija. Asiyeweza kuukunja ashikanishe meno, avute hewa katikati yake, ni sawa. Vuteni hewa mdomoni polepole, muisikie inavyopoza ulimi. Fungeni mdomo. Toeni kwa pua. Tunakwenda mara kumi na mbili, nami nitahesabu. Moja.