Mchezo wa Kuimba Bila Mtu wa Kupiga Makofi

Haya jamani, naona walioenda kuchukua chai wamerudi, wale wa nyuma kama hamnisikii nyosheni mkono nisogeze maiki. Leo tuongelee hii tabia ya stesheni za TV za Marekani kuchukua michezo ya kuimba ya zamani ya Broadway, yaani zile kumbi kubwa za maigizo za New York, na kuiigiza upya laivu, usiku mmoja tu basi, na nitakaa zaidi kwenye The Sound of Music ya NBC ya tarehe 5 Desemba 2013 maana hiyo ndo iliyofungulia wengine njia.

Wengi humu mnaijua ile filamu ya 1965, Julie Andrews anazunguka mlimani, na wanakwaya wote mmepitia do re mi kwa hiyo msijifanye wageni. Sasa filamu yenyewe ilitoka jukwaani, mchezo ulianza Broadway Novemba 1959, Maria, yule msichana wa nyumba ya watawa anayetumwa kulea watoto wa Kapteni mjane huko Austria, alikuwa Mary Martin, muziki wa Richard Rodgers na mashairi ya Oscar Hammerstein ambaye alifariki mwaka uliofuata, na Edelweiss ndo wimbo wa mwisho aliouandika. NBC walirudia ule wa jukwaani, na hapo ndo kelele zilipoanzia kwa sababu watu walikaa kwenye makochi wakisubiri filamu. Mfano My Favorite Things, kwenye filamu Maria anawaimbia watoto usiku wa radi, ila jukwaani anauimba na Mama Mkuu wa watawa mapema kabisa, hao watoto hata hajawaona, na radi ikipiga wanaimba ule wa mchunga mbuzi, The Lonely Goatherd. Watu wakasema NBC wameharibu!

Halafu kuna nyimbo mbili za Elsa, yule mchumba tajiri wa Kapteni, na rafiki yao Max, filamu ilizitupa zote. Moja ni No Way to Stop It na kwangu mimi ndo uti wa mgongo wa mchezo mzima, maana Elsa na Max wanamwambia Kapteni kwamba Wanazi wanakuja Austria utake usitake, inamisha kichwa maisha yaendelee, na Kapteni hataki, ndo wanaachana pale. Ukiangalia filamu unabaki unadhani Elsa kaachwa kwa sababu ya Maria tu. Kwa wimbo huo mmoja nawasamehe NBC mambo mengi.

Carrie Underwood sasa. Huyu ni mwimbaji wa country aliyeshinda American Idol, lile shindano la kuimba la TV, 2005, sauti anayo, lakini akianza kuongea na Stephen Moyer aliyekuwa Kapteni unatamani waanze tu kuimba, na balaa lake kawekwa na akina Audra McDonald, Laura Benanti na Christian Borle, watu wenye tuzo za Tony, zile za maigizo ya Broadway, nyumbani. Twitter walimtafuna usiku uleule. Ila waliotazama walikuwa zaidi ya milioni 18, na kwa NBC hiyo ilikuwa sababu tosha ya kurudia mwaka unaofuata.

Mi nasema lawama nyingi alibebeshwa Carrie bure. Tatizo kubwa lilikuwa studio yenyewe, kule Bethpage, Long Island, hakukuwa na watazamaji hata mmoja. Audra anaimba Climb Ev'ry Mountain, anaupandisha mpaka juu kabisa, anamaliza, kimya, halafu tangazo la biashara! Hebu fikirieni taarab ambayo hakuna anayeinuka kwenda kutuza, mwimbaji anatupa kijembe na hakuna hata kigelegele, si atajiona anafanya mazoezi? Hii michezo imetungwa ikiacha nafasi ya makofi, muigizaji anavuta pumzi pale, anajua utani umefika au haujafika.

Peter Pan 2014 na The Wiz 2015 NBC wakaendelea na kimya kilekile, ingawa The Wiz waimbaji wake waliweza kukizidi nguvu. Waliojibu ni stesheni ya Fox na mchezo wa Grease, tarehe 31 Januari 2016, wakawaweka watazamaji ndani ya seti zenyewe kule studio za Warner Bros., mvua inanyesha, waigizaji wanahamishwa kwa vigari vya gofu, sauti ikakatika kidogo katikati ya dansi na hakuna aliyejali sana. NBC nao wakasikia, wakapeleka Jesus Christ Superstar kwenye ghala la zamani la jeshi Brooklyn, Pasaka ya 2018, John Legend akiwa Yesu na umati unapiga mayowe mpaka wengine wakalalamika maneno hayasikiki. Bora hivyo. Ikashinda Emmy, tuzo ya TV.

Laivu ina bei yake lakini. Januari 2019 Fox walikuwa na mchezo wa Rent, na usiku wa kuamkia siku ya kurusha, kwenye mazoezi ya mwisho, Brennin Hunt aliyekuwa Roger, mmoja wa wahusika wakuu, akavunjika mguu. Jukwaani kungekuwa na mtu wa akiba, anavaa, anaingia. Wao hawakuwa naye, wakarusha rekodi ya mazoezi karibu yote, na mwisho tu ndo ukawa laivu, Hunt kakaa na mguu wake umefungwa. Kwa hiyo mamilioni nyumbani waliangalia mazoezi, na wale wachache ukumbini wakaimbiwa kama tamasha, bila kuhangaika na kamera, na mimi ukinipa tiketi ya usiku ule nachagua ukumbini.

Naona mkono kule dirishani, ee dada, uliza.