Shilingi 10 za Solomon Linda (mhadhara kwa vijana wa muziki, Tabora)

Wazee wangu shikamooni, vijana mambo. Wale wa mlangoni ingieni, viti vipo huku mbele. Mwenyeji wangu kaniomba nizungumzie matukio makubwa ya historia ya roki na pop, na najua wengi mnaisubiri Live Aid, lile tamasha kubwa la hisani, Julai 13, 1985, Wembley, Freddie Mercury wa bendi ya Queen, mtoto wa Unguja na dakika zake kama 20 za jukwaani. Ile iko YouTube, mtaitazama nyumbani. Mimi nimekuja na lilelile ambalo walionisikia zamani washalisikia na nitalisema mpaka sauti inikauke: matukio makubwa ya huu muziki yametokea mezani, kwenye karatasi na peni, na sisi watu wa huku tunaumizwa hapohapo mezani.

Twendeni Johannesburg, 1939. Kuna jamaa anaitwa Solomon Linda, Mzulu wa Msinga, utotoni kachunga ng'ombe, kaja mjini kutafuta maisha. Ana kundi lake, Evening Birds, wanaume pekee, besi nzito huku chini na yeye juu kabisa na sauti nyembamba. Wanaingia studio ya Gallo kurekodi wimbo wa simba, Mbube. Wanaimba mara ya kwanza, ya pili, sasa sikilizeni hapa, mara ya tatu wenzake wameshikilia besi palepale hawaachii, yeye anaondoka peke yake juu, anabuni melodi ambayo haikuwepo, papo hapo, kwenye sekunde za mwisho za santuri. Hakuna mtu aliyemwandikia. Ile melodi ndio mtoto wako anaiimba leo sebuleni akiangalia katuni ya simba, na hajui imetoka wapi, na wewe baba yake pia hujui.

Haki zote za ule wimbo alizitoa kwa shilingi 10. Kumi! Wakampa na kazi kwenye kampuni hiyohiyo ya kufungasha santuri, na Mbube ikauzwa mpaka kwenye nakala kama laki moja.

Alafu santuri ikavuka bahari. Mtafiti mmoja wa muziki, Alan Lomax, akampa mwanamuziki wa Marekani, Pete Seeger, akaipenda, akasikia maneno ya Kizulu vibaya akaandika Wimoweh, kundi lake la The Weavers likaitoa mwanzoni mwa miaka ya 50 ikapiga kwelikweli. 1961 vijana wa The Tokens wakaitoa upya na maneno ya Kiingereza yaliyoandikwa na George David Weiss, The Lion Sleeps Tonight, ikashika namba moja Marekani. Mwaka uliofuata, 1962, Linda akafa kwa ugonjwa wa figo, maskini. Kaburi lake lilikaa miaka 18 bila jiwe kwa sababu mjane hakuwa na hela ya jiwe. Wimbo unazunguka dunia nzima, redioni, kwenye dansi, na 1994 unaingia kwenye sinema ya The Lion King, na aliyeubuni kalala pasipo na jina.

Kuna mtu hapo nyuma namuona anatikisa kichwa, najua anachotaka kusema, siku zote kuna mmoja: "Wazungu hao!" Hapana bwana, tusikimbilie huko. Seeger alipojua mtunzi ni nani alituma dola 1,000, na mwandishi aliyeichimba hii habari mwaka 2000 mpaka dunia ikashtuka, Rian Malan, ni Kaburu wa hukohuko Afrika Kusini. Sheria za ubaguzi zilimnyima Linda nguvu ya kubishana, hilo ni kweli na ni dhambi kubwa. Lakini wewe wa leo hapa Tabora nani kakunyima? Unatuma biti WhatsApp saa sita usiku, jamaa anakutumia elfu 20 kwa simu, kesho wimbo umetoka na jina lako halipo hata kwenye maelezo ya chini. Juzi kijana mmoja wa Ng'ambo kanionyesha meseji zake, makubaliano yote aliyokuwa nayo ni dole gumba na "poa kaka". Mkulima wa Urambo hawezi kuachia robota la tumbaku bila kupimwa, kupewa gredi na kushika risiti, sasa wewe wimbo wako unauachia kwa dole gumba?

Nimalizie ya Linda maana utamu uko hapa. Ilikuwepo sheria ya Waingereza ya mwaka 1911, iliyotumika mpaka kwenye makoloni, inasema mtunzi akiuza haki zake, miaka 25 baada ya kifo chake haki zinarudi kwa warithi. Hesabuni wenyewe: 1962 ongeza 25, ni 1987. Kwahiyo The Lion King inatoka 1994 haki zilishakuwa za mabinti wa Linda na wao hawana habari! Wakili Owen Dean akaipata hiyo sheria, 2004 wakaenda mahakama ya Pretoria dhidi ya Disney, kampuni iliyotoa ile sinema, na mahakama ikazishikilia alama za biashara za Disney kule Afrika Kusini, Mickey Mouse na Donald Duck wakawa kama dhamana. Cheka tu, hata mimi kila nikilisema nacheka. Februari 2006 wakapatana, Linda akaandikwa mtunzi mwenza, familia ikaanza kulipwa na malimbikizo ya kuanzia 1987. Miaka 67 tangu ile siku ya studio. Karatasi ilimuua na karatasi ndio ikamfufua, basi jamani mnataka ushahidi gani tena?

Sasa mwingine yeye alishika karatasi yake. Manu Dibango, Mkameruni. 1972 Kameruni wanaandaa kombe la mataifa ya Afrika, kapewa kazi ya wimbo wa mashindano, upande B wa santuri akaweka Soul Makossa, na ni huo upande B ambao DJ wa New York, David Mancuso, aliuokota kwenye duka la Brooklyn ukawasha disko za jiji zima. 1982 Michael Jackson anatoa albamu ya Thriller, na mwisho wa wimbo wa kwanza kile kiitikio cha Dibango kimo, bila ruhusa. Dibango akadai, akalipwa. 2007 Rihanna akakitumia tena kwa ruhusa ya Jackson bila Dibango kuulizwa, mzee akaenda tena mahakamani Paris na miaka yake sabini na kitu. Alikuwa na pa kushika kwa sababu jina lake lilikuwa limeandikwa.

Hapa kwetu je? Kiko Kids, Nyanyembe, Tabora Jazz, huu mji ulikuwa unapigiwa muziki kila wikiendi. Bendi zilikwenda Dar kurekodi RTD, redio ya taifa, santuri zikachapwa Nairobi maana kiwanda hatukuwa nacho. Wimbo wa Dada Asha wa Shem Karenga na Tabora Jazz hadi leo ikipigwa harusini bibi zetu wanainuka. Haya, mnitajie wote waliopiga vyombo kwenye ile rekodi. Wote. ... Mnaona. Wazee waliokuwepo bado wapo, wako Isevya, wako Cheyo, wamekaa barazani, nendeni na simu zenu muwarekodi wakiwa na kumbukumbu zao. Hili naliomba kwa moyo wote.

Naonyeshwa saa. Nilitaka niongelee Michael Jackson kununua haki za nyimbo za Beatles, bendi ya Uingereza, 1985 kwa dola milioni 47 na nusu, baada ya Paul McCartney wa hiyohiyo Beatles kumfundisha kwamba hela iko kwenye haki za utunzi, hiyo tuiache. Kuna na Taylor Swift, mwanamuziki wa Marekani, aliyetoa albamu zake za zamani alizozirekodi upya, 2021 hadi 2023; hapo shikeni hili moja tu: utunzi ni haki moja na rekodi, ile masta, ni haki nyingine, ukisaini uliza unasaini ipi.

Kabla ya maswali, wenye nyimbo zilizoshatoka bakini. Karatasi nimekuja nazo: jina la wimbo, tarehe, nani katunga maneno, nani melodi, nani katengeneza biti, nani kapiga nini, asilimia ya kila mmoja, na sahihi za wote siku hiyohiyo mkiwa bado mnapendana. Alafu mnapeleka COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Wewe wa shati jekundu uliyesema mko watatu, wenzio wapo? Waite waje hapa mezani, tunaanza na nyie.