Ufa Ndio Njia ya Moto

Wazee wangu shikamooni. Mama zangu, vijana, karibuni.

Jana jioni Mikindani nilimkuta mama anachoma korosho juu ya kipande cha bati. Mnajua inavyokuwa: ganda likishika moto, mafuta hayatoki popote tu. Hutafuta pale lilipopasuka, yakaruka na kuwaka. Ule ufa haukuyaumba mafuta wala moto. Umeyapa njia.

Ardhini ni hivyo, ila kuna jambo la ziada. Kwenye Bonde la Ufa ganda la dunia linavutwa huku na huku, linakuwa jembamba. Mwamba wa chini, wenye joto kali tangu hapo, ulikuwa umeshindiliwa; mgandamizo ukipungua unayeyuka bila kuongezewa moto. Hiyo ndiyo magma. Ni nyepesi kuliko mwamba ulioizunguka, kwa hiyo hupanda, na mipasuko huielekeza.

Julai 2007, karibu na Ziwa Natron, ardhi ilitetemeka siku baada ya siku. Tetemeko la tarehe 17 lilifika kipimo cha 5.9. Chini ya mlima Gelai magma ilipenya mwamba kama kabari, isitokeze juu. Septemba, jirani yake Ol Doinyo Lengai ukalipuka. Kwa hiyo msidhani ufa hutangulia siku zote: magma nayo hupasua.

Lakini mimi mapenzi yangu yako kwenye maji. Kule Songwe, Mbeya, mvua huzama katika mipasuko, ikapata joto huko chini, ikarudi juu ikiwa chemchemi ya maji moto. Yakifika juu, gesi hutoroka na chokaa iliyoyeyuka hugeuka jiwe, tabaka juu ya tabaka. Chokaa hiyohiyo huziba mlango wake yenyewe! Wahenga walituhimiza kuziba ufa, lakini chemchemi ikizibwa ufa wake hufa, au huhamia kando, mpaka ardhi itikisike na kufungua tena.

Kijana mmoja kaniuliza mlangoni: mbona sisi Mtwara hatuna volkano? Mipasuko tunayo, mingine ni ya tangu Madagaska ilipoachana na Afrika, zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita. Kinachokosekana ni magma ya karibu. Ila tazameni baharini. Mei 2018 kisiwa cha Mayotte, kwenye safu ya visiwa vya Komoro, kilianza kutikisika mfululizo. Mwaka uliofuata meli ya utafiti ikakuta volkano mpya sakafuni mwa bahari, kimo chake meta 820, mahali ambapo zamani palikuwa tambarare.