Aristidis: jina la watu wanaofukuzwa

Hamjambo watu wangu, mko salama huko nyumbani? Leo niko Athens, katika makumbusho ya Agora, uwanja wa soko la kale, ndani ya Stoa ya Attalos, jengo refu lenye nguzo. Ngoja nisogeze simu karibu na kioo muone vizuri. Mnakiona hicho kigae? Kipande cha chungu kilichovunjika, hakizidi kiganja changu. Mtu amekikwaruza kwa kitu chenye ncha. Mstari wa juu: Aristeides. Wa chini: Lysimacho, yaani wa Lysimachos, babake. Hiyo ni kura, jamani. Ina karibu miaka 2,500.

Na si kura ya kumchagua mtu, ni ya kumtimua. Kila mwaka Waathene waliulizwa kama kuna haja ya kumfukuza mtu mjini. Wakisema ipo, siku ikifika kila raia anakuja na kigae chake ameandika jina. Kura zikifika 6,000, aliyeandikwa zaidi anapewa siku kumi afunge virago, kisha anakaa nje miaka kumi. Hashtakiwi, wala mali yake haiguswi. Aende tu.

Mwaka 482 K.K. zamu ilimwangukia Aristidis, mwanasiasa ambaye mji mzima ulimwita Mwadilifu. Plutarch, mwandishi wa kale, anasimulia kwamba mtu mmoja wa shamba, asiyejua kuandika, alimpa kigae bila kumtambua, akamwomba amwandikie "Aristidis". Akamuuliza, kwani amekukosea nini? Yule akajibu: hajanikosea, hata simjui, nimechoka tu kusikia kila mahali akiitwa Mwadilifu. Aristidis akaandika jina lake mwenyewe, akamrudishia kigae, asiseme neno.

Mimi yule mshamba namwelewa. Kila ukoo una binamu anayesifiwa mpaka unaomba apate hata D moja.

Lakini msidhani zote zilikuwa hasira za wananchi wa kawaida. Hapo juu kwenye mteremko wa Acropolis, wachimbaji walikuta kisimani vigae 190 vyenye jina la Themistokles, hasimu wa huyu Aristidis. Wataalamu walipochunguza miandiko, waliona ni ya watu 14 tu. Kura zimeandikwa tayari, wewe ugawiwe ukatumbukize! Siasa ni zile zile.

Aristidis hakumaliza miaka yake kumi. Waajemi walipovamia mwaka 480 K.K. aliitwa nyumbani, na mwaka uliofuata akawaongoza Waathene 8,000 vitani Plataea. Baadaye akakabidhiwa kazi ya kupanga kila mji rafiki utoe mchango gani wa ulinzi, jumla talanta 460 za fedha kwa mwaka. Pesa nyingi ajabu. Na bado, anasema Plutarch, alipofariki ilibidi mji ugharamie mazishi yake. Kwangu mimi hiyo inashinda vita vyote alivyopigana.

Sasa, Wagiriki mjukuu wa kwanza wa kiume humpa jina la babu mzaa baba, sawasawa na sisi Wakikuyu. Kwa hiyo mtoto wa Aristidis akaitwa Lysimachos, naye akamzaa Aristidis. Mwanafalsafa Plato anamleta huyo Lysimachos kwenye mazungumzo yake, mzee tayari, akilalamika kwamba babake alishughulikia mambo ya watu wengine, yeye akaachwa akue hivi hivi. Sifa zile kumbe nyumbani zilikuwa na bei yake.

Nina nadharia yangu, mnicheke mkitaka: jina hili lina mkosi wa kuondolewa. Aristides de Sousa Mendes, balozi mdogo wa Ureno kule Bordeaux, Juni 1940 aliwagongea wakimbizi viza kinyume cha amri ya Salazar, mtawala wa Ureno. Akavuliwa kazi, akafa maskini mwaka 1954. Haiti, Rais Jean-Bertrand Aristide, hilo likiwa jina la ukoo, alipinduliwa mwaka 1991, akarudi, akaondolewa tena 2004. Na hapa Afrika kwetu, Aristides Pereira, rais wa kwanza wa Cape Verde tangu 1975, aliangushwa kwa kura mwaka 1991. Huyu ndiye ninayempenda zaidi. Alishindwa akaondoka, basi. Leo uwanja wa ndege wa Boa Vista, kisiwa alikozaliwa, una jina lake.

Anayeiharibu nadharia yangu ni farasi. Kweli! Mshindi wa Kentucky Derby ya kwanza kabisa, zile mbio maarufu za farasi za Marekani, Mei 1875, aliitwa Aristides, jina la rafiki wa mwenye farasi. Farasi huyo alitumwa achangamshe mbio tu ili mwenzake wa zizi moja, Chesapeake, ashinde. Akatangulia yeye hadi mwisho. Mpanda farasi alikuwa Oliver Lewis, kijana Mweusi, na mkufunzi Ansel Williamson alizaliwa mtumwa.

Haya, ninyi wa Kongo, Burundi na Rwanda: najua akina Aristide huko wamejaa, maana kalenda ya Kikatoliki ina Mtakatifu Aristide, tarehe 31 Agosti, naye pia mtu wa hapa hapa Athens. Niandikieni hapo chini: nani alikupa hilo jina, na je, umeshafukuzwa mahali?