Kodi Ikihamia Dukani: Mhadhara Uliotolewa Mtwara

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie hoja ya kufuta kodi ya mapato na kuweka mahali pake kodi ya matumizi peke yake. Nitaanzia kwenye duka la vifaa vya ujenzi, msimu wa korosho ukiwa umechanganya, kwa kuwa hapo ndipo mkulima wa Tandahimba au Ruangwa anapolipa kodi bila kuandikiwa barua na mtu.

Bati ambalo bei yake kabla ya kodi ni shilingi 20,000 hulinunua kwa 23,600, kwani kodi yetu ya ongezeko la thamani, yaani VAT, iliyoanza Julai 1998 kwa asilimia 20 na kushushwa hadi 18 mwaka 2009, imo ndani ya bei. Hakuna anayemwuliza amevuna kilo ngapi. Mwalimu, kwa upande wake, hukatwa kodi kabla mshahara haujamfikia, kwa viwango vinavyopanda: mwenye kipato kisichozidi 270,000 kwa mwezi hakatwi kitu, na sehemu inayozidi milioni moja hukatwa asilimia 30; kisha naye akienda dukani huiacha ile 3,600 kama mwenzake.

Wanaotaka mabadiliko hawasemi upuuzi. Kodi ya mapato humbana mwenye hati ya mshahara na kumponyoka mfanyabiashara anayeficha hesabu, ilhali huyo mficha hesabu naye hujenga na hununua gari. Huko Marekani, muswada wenye hoja hiyo hiyo, uitwao FairTax, umekuwa ukirudishwa bungeni tangu 1999 bila kupita, na kiwango chake hutajwa kuwa asilimia 23. Hapo pana mtego wa hesabu: asilimia hiyo hupigwa juu ya bei ambayo kodi imekwisha kuingia. Kwa hesabu tuliyoizoea dukani ni karibu asilimia 30, na bati letu lingefika 26,000 hivi.

Uzito wa shilingi hizo 6,000 haufanani kwa kila mnunuzi, kwa sababu mwenye kipato kidogo hukitumia chote, na mwenye nacho hutumia sehemu na kuweka iliyobaki. Waandishi wa muswada huo wanalijua hilo, ndiyo maana wanapendekeza kila kaya irudishiwe kila mwezi kodi ya mahitaji ya msingi. Kwetu sisi, marejesho hayo yangehitaji orodha ya kaya isiyo na kasoro, na aliyewahi kusubiri fedha zake za korosho kwa kuwa namba moja ya akaunti ilikosewa anajua ninachosema. Tanzania imeshika njia nyepesi zaidi, ya kusamehe VAT mazao yasiyosindikwa. Humnufaisha hata tajiri, lakini haimdai mtu kitambulisho.

Kwa hiyo siafiki kuifuta kodi ya mapato, na sababu yangu ya mwisho iko jirani. Ng'ambo ya Mto Ruvuma, Msumbiji hutoza VAT ya asilimia 16. Pengo la pointi mbili halimtoi mtu wa Nanyumbu nyumbani kwake kwenda kuvuka Daraja la Umoja kwa ajili ya bidhaa za duka. Kodi yetu ikifika asilimia 30 na pengo likawa la pointi 14, bidhaa zitavuka, nyingi zikipita mbali na daraja, kwa mitumbwi, usiku.